Siku Ishirini na Moja za Kuwa Mtoto

1

Namba ilipotulia kwenye kioo, Subilaga alijifanya anasafisha miwani ili apate muda wa kuisoma upya. Aliifuta, akaivaa, akatazama. Namba ilikuwa palepale: sabini na moja.

Msichana aliyekuwa kitini hakungoja kusaidiwa. Alivua kofia ya nyaya mwenyewe, akazikusanya nyaya zake kama alivyozikuta, kisha akauliza, "Samahani mama, yule mtoto aliyekuwa anakohoa kwenye zile sauti, ana pumu? Maana kile kikohozi cha mwisho hakikutoka vizuri."

"Ni sauti tu, mwanangu. Ilirekodiwa zamani."

"Lakini alipona?"

Katika miaka minne ya kuwa mpimaji katika Nyumba ya Kipimo ya Tukuyu, Subilaga alikuwa ameulizwa maswali ya kila namna kwenye kile chumba. Wanaume wenye ndevu walikuwa wamemuuliza kama hawezi kuwaongezea namba mbili tu. Mwalimu mmoja wa miaka thelathini na minne alimuuliza atawaambia nini wanafunzi wake, kwamba na yeye ni mtoto mwenzao. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za yule mtoto wa kikohozi.

"Sijui kama alipona," akasema. "Jina lako kamili?"

"Tupokigwe Asukile. Nimepita?"

Mstari ulikuwa sitini. Aliyefika sitini alikuwa mtu mzima mbele ya sheria: angeweza kurithi, kuwa mkuu wa nyumba, kutia sahihi yake mwenyewe, kuoa au kuolewa. Ambaye hakufika alikuwa mtoto, hata kama kichwa kimejaa mvi. Tupokigwe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sheria haikuwa na neno juu ya hiyo miaka, kwa sababu sheria ilikuwa imeapa kuisahau miaka.

Mashine ile ilikuwa na jina refu la kitaalamu. Watu waliiita Mizani, yakaisha. Ilichezesha sauti masikioni mwa mpimwa, sauti ndogondogo za nyumbani: sufuria inafurika jikoni, mvua inaanza na nguo ziko kambani, mtoto anakohoa chumba cha pili. Kisha ikasikiliza ubongo. Ilitaka kujua wazo la kwanza linakimbilia wapi, kwa mwenye ubongo au kwa mtu mwingine, na baada ya hapo linatembea siku ngapi mbele. Wa miaka ishirini wengi walitembea mpaka kesho. Ubongo wa Tupokigwe ulikuwa umetembea mpaka mwisho wa mwezi, ukarudi, ukahesabu nguo kambani.

"Umepita," Subilaga akasema, na neno likamkaa vibaya mdomoni.

2

Baba mdogo wa msichana, Asangwile, alikuwa anasubiri kwenye benchi la chumba cha kusubiri, viatu amevifuta kwa jani la mgomba. Hakuwa mtu mbaya wa kuonekana, na hilo ndilo lililomuudhi Subilaga. Mtu mbaya wa kuonekana unamfukuza ukajisikia vizuri.

"Ndaga, asante sana dada," akasema akisimama. "Tumshukuru Mungu. Sasa mambo yake yatanyooka."

"Mambo gani?"

Akamweleza bila kuficha. Kaka yake alitangulia, shemeji yake akafuata miaka miwili iliyopita, wakaacha watoto wanne kwenye nyumba moja. Tupokigwe ndiye aliyewalea wadogo zake watatu, mpaka watu wa ustawi wa jamii wakanusa. Wakasema nyumba isiyo na mtu mzima si nyumba, watoto watagawanywa. Yeye Asangwile kwake walikuwa wanalala watu kumi na mmoja. Lakini alikuwapo bwana mmoja wa Ikuti, mwenye miaka thelathini na miwili, mkulima wa chai, nyumba ya matofali, mpole. Bwana huyo alikuwa tayari kumwoa Tupokigwe na kuwachukua wadogo zake wote watatu.

"Ana miaka kumi na mitatu," Subilaga akasema.

"Dada, wewe ndiye mwenye Mizani. Umesema ni mtu mzima, au sikusikia vizuri? Mimi simlazimishi. Atakubali mwenyewe. Muulize."

Subilaga akamgeukia msichana, ambaye alikuwa anamfunga kamba za kiatu mdogo wake. Walikuwa wamekuja wote: Gwamaka wa miaka tisa, Lusajo wa sita, na Syabumi, kitinda mimba wa miaka minne, ambaye kifua chake kilisikika kikipiga filimbi kutoka upande wa pili wa chumba.

"Nakubali," Tupokigwe akasema. Alilisema neno hilo bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayepokea zamu yake ya kuchota maji. "Nilimuuliza kama kwake kuna moshi mwingi jikoni, akasema hapana. Moshi unamsumbua Syabumi."

"Na kama nikiandika kwamba wewe bado ni mtoto?"

Hapo msichana akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza Subilaga akaona hofu. "Usiandike hivyo, mama. Gwamaka watampeleka Kyela, Lusajo wanasema kuna nyumba ya watoto Mbeya. Syabumi sijui. Watatugawa kama nyama."

3

Cheti cha utu uzima hakikutolewa siku ileile. Kanuni iliweka siku ishirini na moja za pingamizi, ili kama kuna kasoro ijulikane. Namba yenyewe haikuguswa na mkono wa mtu. Ilikwenda moja kwa moja makao makuu kabla mpimaji hajavuta pumzi. Hapo waundaji wa Mizani walikuwa makini. Walijua Waswahili na vyeti vyao.

Kwenye ukuta wa chumba cha kusubiri palikuwa na michoro mitano, kazi ya wanafunzi wa shule moja ya sekondari. Subilaga aliipita kila siku bila kuitazama. Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, aliitazama.

Wa kwanza ulikuwa wa mtoto aliyepitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, kidole kikigusa sikio la kushoto. Zamani, kabla watu hawajaandika tarehe, mtoto alipimwa hivyo kabla ya kupokewa shule: sikio likifikika, umekua. Bibi mzaa bibi yake Subilaga aligusa sikio mbele ya baba yake, na baba akaona shule ya nini, kama mkono umefika pale basi unafika na kwenye jembe la mume. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa katika ukoo, na wanaume wa ukoo walicheka kila iliposimuliwa.

Mchoro wa pili ulikuwa wa jembe. Wa tatu, karatasi yenye muhuri: ile sheria ya zamani iliyomruhusu binti wa miaka kumi na mitano kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mama yake Subilaga alipita katika tundu hilo. Wa nne ulikuwa namba kumi na nane, kubwa, ya kijani. Watu waliipigania namba hiyo miaka mingi, na ilipopatikana, wengine wakajifunza kuandika upya vyeti vya kuzaliwa, mabinti wa kumi na nne wakawa wa kumi na nane kwa wino mmoja. Ndipo wataalamu wakaja na Mizani. Mwaka unadanganya, walisema, ubongo haudanganyi. Mchoraji wa tano alikuwa ameipa mashine miale kama jua. Bila shaka alikuwa bado hajapimwa.

Mizani ilipoanza kazi, Subilaga alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ameonja utu uzima mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa amepiga kura mara moja na kumkataa mwanamume mmoja. Akakaa kwenye kiti, akapata arobaini na sita, akarudi nyumbani akiwa mtoto. Kuanzia siku hiyo kaka yake Lwitiko ndiye aliyemtilia sahihi, kwa kazi ya kufagia, kwa matibabu, kwa safari. Ipyana, kijana aliyempenda, alipoleta wazee kuuliza habari zake, wamwekee uchumba mpaka apite, Lwitiko aliwakataa mlangoni. Subilaga alikuja kuzisikia kwa jirani miezi mitatu baadaye. Alipomwendea kaka yake kwa hasira, kaka aliendelea kunywa chai. "Ningekuuliza ungeng'ang'ania," alisema. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Alipita akiwa na miaka thelathini na tisa. Wakati huo Ipyana alikuwa na watoto wa sekondari. Kilichompitisha hakikuwa hekima. Mama yake alikuwa amelala kitandani miaka miwili, naye ndiye aliyemgeuza, kumlisha, kumsikiliza akipumua. Namba ikapanda kutoka hamsini na mbili mpaka sitini na tatu. Mama alipofariki, namba ikaanza kushuka. Aliyepita hakupimwa tena, isipokuwa mpimaji, ambaye alijipima kila mwaka. Mara ya mwisho alipata sitini na moja, na mpimaji asiyefika sitini hupoteza kazi.

Kwa hiyo alijua jambo ambalo waundaji hawakulijua. Wao walikuwa wameisahihisha mashine yao kwa wanafunzi wa chuo, vijana ambao mzigo wao mkubwa ulikuwa mtihani. Kwa vijana wale, mwenye kuwaza wengine alikuwa kweli amekomaa. Hawakumpima yatima hata mmoja. Walidhani wanapima ukomavu, kumbe walikuwa wanapima mzigo, na mzigo unaweza kushushwa.

Alirudi mezani, akafungua ukurasa wa pingamizi. Sababu zilizokubalika zilikuwa tatu: homa, msiba, njaa. Penye homa, kanuni ilisema mpimwa akae chini ya uangalizi wa mpimaji mpaka siku ya kurudiwa, yeye na wanaomtegemea.

Hakuna aliyekuwa na homa. Aliandika homa.

4

Nyumba ya Subilaga ilikuwa na vyumba vitatu na ukimya mwingi. Watoto wanne waliumaliza ukimya siku ya kwanza.

Asubuhi ya pili Tupokigwe aliamka jogoo hajawika, akaingia jikoni, akakuta uji umeshaiva. Alisimama katikati ya jiko, mikono haijui iende wapi. Akashika ufagio, kumekwisha fagiliwa. Akaenda kwenye ndoo, zimejaa.

"Rudi ukalale," Subilaga akamwambia.

"Nikilala, nani atamsikiliza Syabumi?"

"Mimi."

Msichana akamtazama kama fundi anavyomtazama mtu anayeomba kushika chombo chake. Hakurudi kulala. Alikaa kwenye kigoda, akamsikiliza Subilaga akimsikiliza Syabumi, akamsahihisha. "Akipiga filimbi mbili fupi, mwache. Ndefu moja, mwinue mgongo. Dawa ya kuvuta usimpe kabla hajanywa maji ya moto, atakataa." Subilaga alijifunza. Alijifunza pia kwamba Lusajo anaficha maharage mfukoni, na kwamba Gwamaka anauliza habari za mama yake siku za Jumatano tu, na hakuna ajuaye kwa nini.

Siku ya tano Tupokigwe alilala mpaka kulipopambazuka. Siku ya tisa jua lilifika kitandani likamkuta bado. Aliamka kwa kishindo, akatoka mbio bila viatu, akawakuta wadogo zake wamekula, wamenawa, na Syabumi yuko mgongoni kwa Subilaga. Alisimama mlangoni, uso umevimba kwa usingizi. Kisha akapiga mwayo, akacheka. Subilaga hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha kukwaruza, kama bomba ambalo halijafunguliwa muda mrefu.

Alifurahi, na papo hapo akaona haya. Kila kicheko kilikuwa kinashusha namba, na mwenye namba hakuwa na habari. Usiku usingizi ulimwisha yeye, akasikiliza filimbi za kifua cha mtoto asiyekuwa wake, akawaza siku ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini na moja. Tupokigwe akiisha kuwa mtoto, yeye na wadogo zake watahitaji mtu mzima wa kuwaandikisha. Huyo atakuwa yeye Subilaga. Alikuwa ameshachukua fomu ya ulezi ofisini, akaiweka chini ya godoro. Maji alikuwa ameshayavulia nguo.

Siku ya kumi na mbili wasichana wa jirani walikuja na mpira wa soksi, wakamwita Tupokigwe kwenye rede. Alisema hachezi. Wakasema wamepungukiwa mtu mmoja. Akaingia, akasimama katikati kama mlinzi, akapigwa mpira wa mbavu wa kwanza kabisa. Baada ya saa moja alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Baada ya saa mbili alikuwa analia, analia kwa machozi ya kweli, kwa sababu mmoja wao, Atuganile, alisema mpira ulimgusa sketi na yeye anajua, anaapa, haukumgusa.

Asangwile alifika katikati ya kilio hicho. Alikuwa amekuja kuwaangalia, mkononi ana ndizi za kuiva. Alisimama pembeni ya uwanja akamtazama binti wa kaka yake akigaragaza miguu mavumbini.

"Dada, unamharibu," akasema taratibu. "Mtu mzima anacheza rede?"

"Homa inamtoka."

"Homa gani hii?" Akamtazama Subilaga kwa muda. Hakuwa mjinga. "Ninyi watu wa ofisi mlituambia tuache kutumia vichwa vyetu, tutumie mashine yenu. Tukakubali. Sasa mashine imesema mnachokikataa, mnatafuta mlango wa nyuma. Si ndivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa, na Subilaga alilijua. Alipokea ndizi, akashukuru kwa magoti kama ilivyo desturi, na Asangwile akaondoka.

Siku ya kumi na saba Subilaga alikuwa anamsuka Tupokigwe barazani, msichana amekaa katikati ya magoti yake, kichwa kimelegea.

"Shangazi," akaita. Alikuwa ameanza kumwita hivyo tangu wiki ya pili. "Homa yangu iliisha lini? Maana mimi sikuisikia ilipoanza."

Vidole vya Subilaga vikasimama. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alijua hapo hapo kwamba ndipo, na maneno alikuwa nayo. Akafikiri: akijua, ataanza tena kuamka na jogoo. Atakaza mikono kwenye mzigo, namba itabaki juu, na yule bwana wa Ikuti ana kalenda kama sisi wote.

"Homa nyingine haziumi," akasema. "Tulia, nisije nikapindisha mstari."

Tupokigwe akatulia. Baada ya kitambo akasinzia, na Subilaga akamaliza nywele zile akiwa amemwegemeza kifuani.

5

Siku ya ishirini na moja Mizani ilisema arobaini na tatu.

Asangwile aliruhusiwa kuwapo, ndiyo kanuni ya marudio. Aliiangalia namba, akamwangalia Subilaga, akavaa kofia yake. "Basi," akasema. "Huko Ikuti nitapeleka habari. Lakini wewe dada, Mungu atakuuliza." Alitoka bila kuaga, na hilo kwa mtu wa heshima kama yeye lilikuwa tusi lililotimia.

Kanuni pia ilimtaka mpimaji ajipime baada ya marudio yoyote, kuhakikisha mashine haina hitilafu. Subilaga akavaa kofia ya nyaya. Sufuria ikafurika, mvua ikaanza, mtoto akakohoa, naye akashtuka kitini akidhani ni Syabumi. Kioo kikawaka: sabini na nne. Hakuwa amelifikiria hilo, kwamba kazi yake iliyokuwa inaning'inia kwenye sitini na moja sasa ilikuwa salama. Au alijiambia kwamba hakulifikiria.

Tupokigwe alikuwa anasoma namba zote mbili. Alikuwa mwepesi wa hesabu. Alikuwa ameendesha nyumba.

"Mzigo wangu umeuchukua wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Hakukuwa na homa."

"Hakukuwa na homa, mwanangu."

"Ulijua nikilala namba itashuka. Uji, ndoo, na wale wasichana wa rede." Sauti ikaanza kukatika. "Nilikuwa nafikiri unanipenda."

"Ninakupenda!" Subilaga akavua kofia, nywele zimesimama. "Tupo, nisikilize. Ulikuwa unakwenda kuolewa. Ulikuwa unakwenda kuwa mke wa mtu mwenye miaka thelathini na miwili kwa sababu jikoni kwake hakuna moshi. Ningekaa nikatazama?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Neno likatoka likiwa zima, na sauti yake ikiwa ndani yake: sauti ya Lwitiko, kikombe cha chai mkononi. Subilaga akalisikia. Alishika ukingo wa meza. Miaka ishirini alikuwa amemchukia kaka yake kwa sentensi moja, na kumbe ilikuwa imekaa kinywani mwake ikingoja zamu.

Tupokigwe hakujua habari za Lwitiko. Alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, haraka, kama mtu asiye na nafasi ya kulia. Kisha akapitisha mkono wake wa kulia juu ya kichwa, juu ya mistari ya nywele aliyosukwa siku nne zilizopita, akagusa sikio la kushoto, kama mtoto wa kwenye mchoro.

"Hiki ni kipimo, na kile ni kipimo," akasema. "Jana nilikuwa mama, leo ni mtoto. Na mimi mwenyewe sijahama, niko hapahapa."

Kutoka chumba cha kusubiri zilisikika sauti za wadogo zake wakigombea benchi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Saa tisa gari la ustawi lingefika kuwachukua watoto wasio na mtu mzima, kama ilivyoandikwa kwenye barua watu wa ustawi waliyoileta asubuhi, kwa kuwa uangalizi wa homa ulikuwa unakwisha siku hiyo.

Subilaga akaitoa fomu ya ulezi mkobani. Ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mlezi, na nafasi ya muhuri. Nafasi ya mtoto haikuwapo, kwa kuwa mtoto haulizwi. Akachukua rula, akachora mstari mwingine chini ya jina lake, na chini ya mstari akaandika: Tupokigwe Asukile.

"Nilikosa," akasema. "Nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza. Nakuuliza sasa. Mkae kwangu, nyote wanne. Wewe ulale, usome, ucheze. Ukifika wakati wako, utakuwa umefika wewe, si mzigo. Ukikataa, sitatia sahihi. Unakubali?"

Msichana aliisoma fomu yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Alipomaliza akaiweka mezani.

"Nipe siku ishirini na moja nifikirie."

"Tupo, gari linakuja saa tisa."

"Na baada ya hapo?"

Wote wawili walijua: Kyela, Mbeya, na kule ambako Syabumi angepelekwa.

"Basi hujaniuliza," Tupokigwe akasema. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umeniambia tu."

Kwenye chumba cha pili Syabumi akakohoa. Filimbi ndefu, moja. Subilaga akainuka nusu kitini. Tupokigwe naye alikuwa ameshageuka mlangoni. Wakatazamana. Halafu Tupokigwe akarudi, akainama, akashika kalamu.

"Nakubali," akasema bila kuinua kichwa.

Subilaga alilifahamu neno lile, na sauti ile ya kupokea zamu. Alikuwa ameisikia kwenye chumba cha kusubiri, siku ishirini na moja zilizopita, lilipotajwa jina la bwana wa Ikuti. Msichana akaandika jina lake juu ya mstari, kwa herufi nzuri zilizonyooka, akarudisha kalamu mahali pake, akaenda kumwinua mdogo wake mgongo.